Hotuba Isiyopanda Ndege

Barua ya kumwita Idrisa Shemdoe Ujerumani ilikuja kwa simu ya mtu mwingine. Simu ya Idrisa mwenyewe ni ya batani, haipokei barua wala picha, kwa hiyo Bryson, bwana wa mradi mmoja wa uhifadhi mwenye ofisi mjini Lushoto, alipanda pikipiki hadi kijijini, njia ya Magamba, akamkuta Idrisa anapalilia karoti kwenye tuta la juu kabisa, lile linalopakana na msitu.

"Shikamoo mzee. Unaitwa Ulaya!"

"Marahaba. Nani yuko Ulaya wa kuniita mimi?"

"Bwana Majani."

Hilo ndilo jina ambalo watu wa huko juu walimpa profesa mmoja wa mimea, Mjerumani, tangu alipokuja mara ya kwanza miaka thelathini na mitano iliyopita. Kila alipokuja alimtafuta Idrisa. Idrisa ndiye aliyemwonyesha njia, aliyemtajia miti kwa Kishambaa, aliyembebea mizigo na kumkaushia majani baina ya kurasa za magazeti usiku moto ukiwaka. Profesa aliandika vitabu. Idrisa alirudi kwenye karoti.

"Ni mwezi wa sita, wiki nzima," Bryson aliendelea. "Tiketi yao, hoteli yao, chakula chao. Ule mti wenu, mbegu alizobeba akazipanda kwenye nyumba ya vioo, umetoa maua kwa mara ya kwanza. Bustani yao ya mimea inafanya sherehe. Wanamtaka mtu aliyeuona."

"Aliyeuona si mimi," Idrisa alisema. "Aliyeuona ni Saidi."

Bryson alikuwa ameshainua simu. "Angalia hapa mzee, nikupige picha moja niwatumie. Cheka kidogo."

Jioni ile Idrisa alimweleza mkewe Sharifa wakiwa jikoni. Sharifa aliweka mwiko chini, akatoka uani na kupiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani binti yao Hadija kaposwa. Kabla makande hayajaiva, kijiji kizima kilikuwa na habari. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kwenda mbali zaidi ya Maka, na aliyekwenda Maka alikuwa mmoja tu, naye alishakufa.

Safari ikaanza kwa karatasi. Idrisa alizaliwa nyumbani, mkunga akiwa bibi yake mzaa baba, na hakuna aliyeandika popote. Kitambulisho cha taifa kilisema Idrissa, herufi mbili za s; kadi ya mpiga kura ilisema Idrisa, moja; cheti cha shule ya msingi kilisema Idirisa. Ilibidi aape mbele ya wakili mjini Lushoto kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Alifuatilia cheti cha kuzaliwa wilayani majuma matano, kila mara akiambiwa arudi Jumatatu. Hakulalamika. Alikuwa akitoka alfajiri na ukungu, anafika mjini amelowa mabega, anaketi kwenye benchi na kusubiri kama alivyozoea kusubiri watu msituni.

Tanga mjini, kwenye dirisha la pasipoti, ofisa wa kike alimuuliza bila kuinua macho:

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kusema."

"Kusema nini?"

Idrisa alifikiri kidogo. "Jina la mtu."

Yule ofisa alimtazama, kisha akaandika: *Mkutano*.

Mtu mwenyewe alikuwa Saidi. Walikua pamoja, ingawa kwao Saidi ni Vuga, wakatahiriwa msimu mmoja, wakaoa mwaka mmoja. Bwana Majani alipotaka vijana wawili wa kazi, Idrisa alikwenda na Saidi. Idrisa alijua majina ya miti. Saidi alijua kuipanda. Alikuwa anakwea na panga lake kiunoni, anafika pale ambapo ukitazama kutoka chini shingo inauma, anakata tawi lenye maua na kuliteremsha kwa kamba pole pole kama anamshusha mtoto.

Mti ule aliuona yeye, siku moja wakiwa wamepotea njia kwenye bonde lenye mawe. Alisimama akasema kwa Kishambaa kwamba jina la mti huu halijui, wala babu yake hakumwambia. Idrisa naye hakulijua. Bwana Majani alipoletewa jani moja alikaa chini palepale kwenye matope, akaligeuza na kuligeuza. Alitaka maua. Maua yalikuwa juu kabisa, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

Saidi alisema mti unateleza, wasubiri kesho kutwa gome likauke. Bwana Majani alisema ndege yake ni Ijumaa. Alisema tu hivyo, hakuongeza neno, akamtazama Idrisa. Ni Idrisa aliyemgeukia mwenzake. Alimwambia, kwa lugha ya nyumbani ambayo yule mzungu hakuisikia, akimwita mgoshi, mwanamume: "Panda, mgoshi. Usituaibishe."

Saidi akapanda. Alilikata tawi, akaliteremsha vizuri, maua hayakupukutika hata moja. Aliteleza wakati wa kushuka.

Walimbeba kwa machela ya miti kutoka bondeni hadi barabarani, na alikata roho kabla hawajafika. Bwana Majani alilia, hilo Idrisa hawezi kulikana. Alimpelekea mjane, Rehema, sanda, gunia la mchele, sukari na blanketi mbili. Ijumaa akapanda ndege na maua yake. Mwaka uliofuata alirudi na habari kwamba mti umepewa jina, jina la mwalimu wake aliyekuwa amefariki huko kwao. Kwenye kitabu, chini ya picha ya tawi, iliandikwa kwamba liliokotwa na yeye profesa. Saidi hakuandikwa. Idrisa aliandikwa mwishoni, kati ya watu wa kushukuriwa, kwa jina la kwanza tu.

Rehema hakuolewa tena. Alilea watoto wanne kwa kabichi na njegere, na hadi leo, akimkuta Idrisa njiani, humwita shemeji na kumuulizia hali ya mguu wake mbovu. Katika miaka yote ile ishirini na sita Idrisa hakuwahi kumwambia lile neno lililosemwa chini ya mti. Alimwambia kwamba Saidi aliteleza. Nao ulikuwa ukweli.

Ndiyo maana barua ilipokuja, alichokiona yeye si ndege wala nyumba ya vioo. Aliona ukumbi umejaa watu waliosoma, yeye amesimama mbele yao, analitaja jina zima: Saidi Hamisi Shekiondo, wa Vuga. Alitaka walisikie na waliandike. Alijiambia kwamba akishalitaja kule, na kinywa kikaizoea habari ile, basi atarudi na kumwambia Rehema yote.

Akamwendea Jenipher. Jenipher ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari, mtoto wa wachuma chai waliokuja Usambara kutoka mbali na kubaki. Ni binti mpole mwenye mwandiko mzuri. Jumamosi nne mfululizo walikaa kwenye veranda ya nyumba yake, Idrisa anasema, Jenipher anaandika Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

"Hapa, mzee," Jenipher alimuuliza siku moja. "'Akaambiwa apande.' Aliambiwa na nani? Kwa Kiingereza watataka kujua."

"Andika tulimwambia."

"Ninyi na profesa?"

"Andika tulimwambia, mwalimu."

Akaandika. Ikawa kurasa mbili na nusu. Idrisa alizikariri zote, za Kiswahili, na salamu ya mwanzo ya Kiingereza. Alikuwa anaisema shambani. Hadija alikuwa akimsikia baba yake anaisalimu karoti kwa Kiingereza, anacheka mpaka anashika tumbo.

Fundi cherehani wa mjini alimshonea suti ya rangi ya kijivu. Sharifa alichagua kitambaa na kusimamia vipimo mwenyewe, akabishana na fundi kuhusu mabega. Sweta alifuma kwa mkono wake. Siku ya gulio alimtafutia kwenye mitumba viatu vya ngozi vyenye soli nene, na koti zito. "Baridi ya Lushoto tumeizoea," alisema, "lakini huko watu wanasema maji yanasimama mtoni." Idrisa alimwambia mwezi wa sita ni kiangazi huko. Sharifa hakuamini kwamba kuna mahali mwezi wa sita ni joto.

Walikwenda Dar es Salaam, yeye na Bryson, kuomba viza. Alipiga alama za vidole, akaulizwa kama ana mali itakayomrudisha nyumbani, akasema ana mke na matuta kumi na manne. Viza ilitoka. Jioni waliyorudi Bryson alimwonyesha kila mtu kijijini ile karatasi ing'aayo yenye picha ya Idrisa ambamo hakucheka. Ijumaa iliyofuata imamu alimwombea dua baada ya swala. Watu wakaanza kuagiza: huyu saa, yule dawa ya macho, mwingine mbegu za kabichi zisizooza. Rehema alikuja kutoka Vuga na mapeasi kwenye kapu dogo.

"Sikuagizi kitu, shemeji," alisema. "Nenda salama urudi salama. Saidi angefurahi kukuona."

Idrisa alimsindikiza hadi barabarani. Mara mbili alifungua kinywa. Mara mbili aliuliza habari za wajukuu.

Zilibaki siku kumi na sita Bryson alipokuja na ratiba. Ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa tatu, kaichapisha. Alikuwa na haraka, akaiacha. Idrisa akaipeleka kwa Jenipher.

Mwalimu aliisoma kimya kwanza. Halafu akaisoma tena.

"Soma kwa sauti, mwanangu."

"Saa nne, kufungua. Saa nne na robo, hotuba ya mkuu wa bustani. Saa nne na nusu, hotuba ya Profesa, dakika arobaini, 'Maisha yangu na mti mmoja.' Halafu..." Jenipher aliweka kidole kwenye mstari.

"Halafu mimi."

"'Bwana Idrisa, mwongozaji wa kienyeji, akiwa amevaa mavazi ya asili, ataingia ukumbini amebeba kikapu, atamkabidhi Profesa tawi lenye maua. Picha. Dakika mbili.' Halafu chakula."

"Na maneno yangu?"

"Hayapo, mzee."

"Tazama nyuma."

Jenipher aligeuza karatasi, ingawa alikwisha kuona kwamba nyuma ilikuwa tupu.

Siku ya pili yake walimpigia Bwana Majani kwa simu ya Bryson, ile ya kuonana. Uso wa profesa ulitokea, umezeeka, mwekundu, nyuma yake rafu za vitabu. Kiswahili chake ni kizuri, na kimebeba lafudhi ya Kishambaa aliyoambukizwa na Idrisa mwenyewe.

"Idrisa! Mgoshi wangu! Umejiandaa?"

"Nimejiandaa. Nimeandika maneno. Naomba nafasi niyaseme."

"Maneno gani?"

"Ya Saidi."

Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Idrisa, rafiki yangu," profesa alisema mwishowe. "Mimi Saidi simsahau. Lakini ile ni siku ya furaha. Watakuwepo waandishi, watakuwepo wafadhili. Ukisema mtu alikufa, wataanza kuuliza. Alikuwa na bima? Nani alimwajiri? Nani alimwambia apande? Watu wa sheria watafungua mafaili. Unaelewa? Watu wa siku hizi hawajui tulifanyaje kazi zamani."

"Nitasema jina tu, basi. Nisimeze yote. Jina lake na kwao."

"Na wakikuuliza ni nani?"

Idrisa aliziangalia rafu za vitabu nyuma ya uso ule.

"Wewe njoo, tufurahi," profesa aliendelea kwa upole. "Tumezeeka, mimi na wewe. Jioni, tukiwa wawili, tutamkumbuka. Na Idrisa, nani alimwambia apande, mimi nakumbuka vizuri. Nilikuwa sijui Kishambaa wakati ule, lakini niliona. Sijawahi kumwambia mtu. Sasa kwa nini tufukue?"

Hakusema kwa vitisho. Pengine alidhani anamhurumia. Lakini Idrisa alihisi kama ameguswa na chuma chenye moto, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiamini kwamba neno lile lilisikiwa na watu wawili tu, mmoja akiwa kaburini.

"Nimekusikia," alisema. "Sitakuja."

Bryson alicheka kwanza, akidhani mzee anatania. Kisha akabembeleza, kisha akakasirika. Mradi wake ulitajwa kwenye ratiba, tiketi imeshakatwa, watu wakubwa wameshaambiwa. Alimuuliza Idrisa kama anajua ni wangapi Tanzania hii wanaolala nje ya balozi wakitafuta karatasi aliyonayo. Idrisa alisema anajua. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Sharifa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda na lile sweta mapajani.

"Umenyimwa au umekataa?"

"Nimekataa."

"Kwa sababu hawakukupa kipaza sauti?"

"Kwa sababu ya Saidi."

"Saidi amekufa, Baba Hadija. Mimi niko hai. Nimekufa kwa baridi kwenye magulio nikikutafutia viatu. Hadija ameshawaambia wenzake. Nitawaambia nini watu walioomba dua?"

Kumwambia sababu nzima kulihitaji kuanzia chini ya ule mti, na kinywa chake hakikuwa kimeizoea habari ile. Alichoweza kumwambia ni kwamba hatakwenda kubebeshwa kikapu. Sharifa alisema kikapu amekibeba miaka thelathini na mitano, hata hizo dakika mbili zisingemvunja mgongo. Na alikuwa na haki.

Nafasi ile haikulala. Bryson alimtafuta Ismaili, mtu wa kijijini hapo, mdogo kwa Idrisa kama miaka ishirini, aliyewahi kubeba mahema safari mbili au tatu, na ambaye alikuwa tayari na pasipoti kwa sababu alipata kuuza mbogamboga Mombasa. Viza yake iliharakishwa kwa barua kutoka huko huko. Aliondoka mwezi wa sita.

Picha zikaja kwenye simu za watu. Ismaili, Mshambaa mtupu, mkulima wa viazi, alikuwa amevikwa shuka jekundu la Kimasai na shanga shingoni, kwa kuwa aliyetafuta mavazi ya asili alitafuta yaliyokuwa karibu dukani. Anacheka. Bwana Majani amemshika bega, na baina yao kuna tawi lenye maua meupe madogo. Kijijini watu waliona shuka wakacheka mpaka machozi, lakini walicheka wakimwonea wivu. Ismaili alirudi na koti la kuzuia mvua, saa, na hadithi za treni zisizotikisika, akazisimulia kwenye kibaraza cha duka kila siku saa kumi jioni hadi msimu wa viazi ulipokwisha.

Habari za Idrisa nazo zilipata umbo lake. Wengine walisema alikamatwa na ugonjwa kwenye vipimo. Wengine walisema aligoma akitaka alipwe. Wengi waliamini alinyimwa viza na anaona haya kusema. Ukimwacha Bryson, aliyekuwa bado na hasira, Jenipher peke yake alijua sehemu ya ukweli, na alipojaribu kumtetea dukani aliulizwa yeye anajuaje mambo ya mzee wa watu. Zile kurasa mbili na nusu alimrudishia Idrisa ndani ya bahasha. Idrisa alizichoma pamoja na mabua ya mahindi, tena mchana kweupe, Hadija akimtazama.

Rehema alikuja mwezi wa nane, siku ya kuvuna karoti, kusaidia kuosha kama wanawake wanavyosaidiana. Walikuwa mtoni, yeye, Sharifa na Idrisa, mikono imekufa ganzi kwa maji. Sharifa alikuwa bado anamjibu mumewe kwa maneno mafupi mafupi, na Rehema, aliyewajua wote wawili kwa muda mrefu, aliliona hilo.

"Shemeji," alisema, "mimi sina la kukulaumu, kila mtu na moyo wake. Lakini niseme ukweli nilio nao. Niliposikia umekataa, niliumia. Nilijiambia, angekuwa Saidi asingeiachia nafasi kama ile. Saidi alikuwa ukimwambia nenda, anakwenda. Hakuwa mwoga."

Idrisa alishika karoti moja akaisugua matope, akaisugua hata ikaanza kuchubuka.

"Kweli," alisema. "Hakuwa mwoga."

Sharifa alimtazama. Alingoja, kama mtu anayehisi kuna neno jingine linakuja. Rehema naye alinyoosha mgongo akangoja, kwa adabu tu. Kisha lori la mboga likapiga honi barabarani, na Idrisa akainuka, akajitwisha gunia la kwanza, akaanza kupanda nalo.